Anza na Macho, Moyo Utafuata

Mtu akiambiwa ashukuru, mara nyingi hutaja uhai, afya na familia, husema amina, kisha huendelea na shughuli zake. Ni maneno ya kweli. Lakini yanakuwa yale yale jana, leo na kesho, na maneno yasiyobadilika hayamfundishi mtu kuiona siku aliyopewa. Furaha ya kila siku, ile inayokaa na mtu hata mfuko ukiwa mwepesi, hailetwi na shukrani ya jumla. Huletwa na kuliona jambo mahususi, kulitaja, kumtaja aliyelileta, kisha kumfikia mtu huyo kwa neno, kwa dua au kwa tendo.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na macho kabla ya moyo. Katika Injili ya Luka, sura ya 17, wakoma kumi wanaponywa na mmoja tu, Msamaria, anarudi kushukuru. Wengi tumefundishwa kisa hiki kama somo la adabu. Tukisome tena polepole: mtu yule alirudi baada ya kuona kwamba amepona. Kuona kulitangulia. Na Waislamu wanaijua ahadi ya nyongeza kwa anayeshukuru, katika Surat Ibrahim, aya ya 7. Nami naamini nyongeza ya mwanzo anayoipata mwenye kushukuru ni macho: huanza kuona mema ambayo jana aliyapita.

Utahitaji daftari dogo, kalamu, dakika kumi kabla ya kulala, na siku moja katika juma utakayoitenga kwa hatua ya mwisho. Usianze hatua zote kwa pamoja. Ipe kila moja siku kadhaa, uizoee, ndipo uongeze inayofuata.

Hatua ya kwanza: chagua kazi moja ya mikono uifanye ukiwa hapo hapo

Mwaka 2010, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti uliowahusu watu wazima 2,250. Waliwauliza kwa njia ya simu, saa mbalimbali za siku, wanafanya nini, wanawaza nini na wanajisikiaje. Karibu asilimia 47 ya muda, akili za watu hao zilikuwa zinawaza jambo jingine, si lile walilokuwa wakilifanya. Na akili iliyotangatanga iliendana na furaha pungufu, hata pale kazi yenyewe haikuwa ya kupendeza. Anayeosha vyombo huku akiwaza vyombo alikuwa na nafuu kuliko anayeosha vyombo huku akiwaza deni.

Kwa hiyo chagua kazi moja tu unayoifanya kila siku. Kuchambua mchele, kufagia uwanja, kumwogesha mtoto, kupiga pasi. Simu ibaki chumba kingine. Fanya kazi hiyo ukiziangalia punje za mchele, ukiusikia ufagio, ukimtazama mtoto anavyofumba macho maji yakimwagika. Mawazo yatakimbia; yarudishe bila kujilaumu, hata mara ishirini. Kurudisha ndilo zoezi lenyewe.

Wenye kuswali wana mlango wa tayari: udhu wa kabla ya swala. Maji yanapita mkononi, usoni, miguuni, na kila kiungo kina zamu yake. Ukiufanya kwa haraka ni kunawa tu. Ukiufanya kwa khushuu, yaani kwa moyo uliotulia, ni mafunzo ya uangalifu ambayo watu wa nchi nyingine wanayalipia ada. Kwa Wakristo yupo mwalimu mzuri sana wa jambo hili, Ndugu Lawrence, mtawa Mkarmeli wa Paris aliyefariki mwaka 1691. Hakuwa padri wala msomi. Alipangiwa jikoni, kazi asiyoipenda kwa asili yake, na humo, katikati ya kelele za vyombo na watu wanaoita, akajifunza kukaa na Mungu kama vile alivyokaa naye kanisani. Barua na mazungumzo yake bado yanasomwa. Nampenda kwa sababu hakusubiri apate utulivu ndipo aanze.

Hatua ya pili: salimia, kisha subiri jibu

Hatua hii ndiyo ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo tunayoweza kuifanya vizuri kuliko watu wengi duniani, kwa kuwa tumerithishwa.

Salamu zetu zimejengwa kwa ajili ya uangalifu. Shikamoo husubiri marahaba. Habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za tangu juzi: kila swali ni mlango ambao mwenzako anaweza kuingilia akitaka kusema jambo. Lakini siku hizi, hasa mijini, tunarushiana salamu tukiwa tumeshapita. "Mambo?" "Poa." Hakuna aliyesimama, na kama mmoja wetu amelala na mtoto mwenye homa, hakuna atakayejua.

Fanya hivi. Kila siku chagua mtu mmoja ambaye unakutana naye lakini humjui: mlinzi wa getini, kondakta, mama ntilie, kijana wa bodaboda anayekaa kijiweni pako, anayefagia ofisi kabla hujafika. Simama. Msalimie kwa heshima ya umri wake. Muulize jambo moja la ziada, kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, kwa sababu wengi wetu tunauliza "habari za nyumbani?" na kujijibu "nzuri" kabla ya mwenzetu kufungua mdomo. Akisema "nzuri tu," sawa. Akisema "tunaendelea hivyo hivyo," hapo pana neno, mwulize tena kwa upole, "Hivyo hivyo vipi, mama?"

Jifunze jina lake na ulitumie kesho yake. Ukimkuta amebeba mzigo au amelowa jasho, usipite bila pole na kazi. Akiwa amemaliza jambo, mpe hongera. Maneno haya mawili, pole na hongera, yanamwambia mtu kwamba juhudi yake imeonekana, na watu wengi wanaofanya kazi ngumu za mji hupitisha siku nzima bila kuambiwa hivyo na mtu yeyote.

Utaona haya mwanzoni, ukidhani unamsumbua. Mwaka 2014 Nicholas Epley na Juliana Schroeder walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa abiria wa treni na mabasi ya Chicago, mji ambao mtu na jirani yake wa kiti hawasemezani. Walioombwa kuzungumza na mgeni walifurahia safari kuliko waliokaa kimya, ingawa watu walitabiri kinyume chake. Ikiwa Chicago iliwezekana, kwenye daladala ya Mbagala itashindikanaje?

Hatua ya tatu: daftari la usiku

Kabla ya kulala andika mambo matatu mema ya siku hiyo. Kila jambo liwe na sehemu tatu: nini kilitokea, nani alikisababisha, kwa nini kilikugusa.

Usiandike "Nashukuru kwa chakula." Andika hivi: "Leo mama wa genge amenichagulia nyanya ngumu bila mimi kumwomba, kwa sababu anakumbuka nasafiri kesho na zingeoza." Sentensi ya kwanza inaweza kuandikwa na mtu yeyote siku yoyote. Ya pili ni ya leo tu, na ndani yake yumo mtu aliyekukumbuka. Ukisoma kurasa za namna hiyo baada ya mwezi, utagundua umezungukwa na watu wengi kuliko ulivyofikiri.

Zoezi hili limepimwa. Robert Emmons na Michael McCullough, katika utafiti wa mwaka 2003, waliwataka wanafunzi waandike mara moja kwa juma, kwa majuma 10, mambo yasiyozidi matano wanayoyashukuru. Kundi jingine likaandika karaha zake, na jingine matukio ya kawaida. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kuwa mazuri zaidi, walilitazamia juma lijalo kwa matumaini, na hata walifanya mazoezi ya mwili zaidi. Miaka miwili baadaye Martin Seligman na wenzake waliwapa watu zoezi la kuandika mambo mema matatu pamoja na sababu zake kila usiku kwa juma moja. Furaha yao ilikuwa bado imeongezeka miezi sita baadaye, hasa kwa wale walioendelea kwa hiari yao.

Lakini ipo tahadhari. Sonja Lyubomirsky na wenzake waliona kwamba walioandika shukrani mara moja kwa juma walinufaika, na walioandika mara tatu hawakunufaika. Jambo la kila siku huchosha likigeuka wajibu. Ushauri wangu: andika kila usiku kwa majuma mawili ili macho yazoee kutafuta, kisha punguza uandike mara moja kwa juma, Alhamisi usiku au Jumapili jioni, ukiwa na hamu.

Anayependa kuifanya hatua hii kuwa ibada, Ignasi wa Loyola alishaiandaa. Katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, kilichoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, kujichunguza dhamiri kuna vipengele vitano, na cha kwanza ni kumshukuru Mungu kwa mema uliyopokea. Dhambi zinafuata baadaye. Mpangilio huo una huruma: mtu huangalia makosa yake akiwa ameshakumbuka kwamba anapendwa.

Hatua ya nne: itoe shukrani mdomoni

Kila juma, chagua jina moja kutoka kwenye daftari na umwambie mhusika. Ana kwa ana ni bora, ikishindikana, mpigie, ikishindikana, mtumie ujumbe wa sauti. Maneno yawe machache na yenye tukio ndani yake. "Mwalimu, shikamoo. Nakumbuka ulivyokuwa ukinibakiza darasani kunifundisha hesabu za sehemu. Leo mimi ndiye ninayeandika vitabu vya mahesabu vya duka letu. Nimeona nikushukuru."

Sasa jambo ambalo vitabu vya wageni haviliandiki. Kwetu, simu inayoanza na sifa nyingi mara nyingi huishia kwenye ombi la fedha, na anayesikiliza hujikunja moyo akisubiri. Kwa hiyo sema mapema, kabla hujafika mbali: "Sina shida yoyote, nimepiga kukushukuru tu." Kisha usiombe kitu chochote, siku hiyo wala kesho yake. Shukrani yenye ombi ndani yake humwacha mtu akiwa ametumika.

Tunasita kwa kuogopa kuonekana wa ajabu. Amit Kumar na Nicholas Epley walilichunguza hilo mwaka 2018: walioandika barua za shukrani walidhani wapokeaji wangeona haya kuliko walivyoona, na walikadiria chini ya kiwango furaha ambayo wapokeaji waliipata kweli. Naye Seligman, katika utafiti ule wa 2005, aliona kwamba kumwandikia barua mtu ambaye hukuwahi kumshukuru ipasavyo, kisha ukampelekea mwenyewe, ndilo zoezi lililopandisha furaha kuliko mengine yote aliyoyajaribu, ingawa nguvu yake ilidumu mwezi mmoja hivi. Basi lirudie, kwa mtu mwingine.

Usisahau walio ndani ya nyumba. Tunawashukuru wageni kwa soda moja na kumnyima asante mke anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha jiko, mume anayerudi amepigwa na jua, au dada wa kazi anayelea watoto wetu akiwa mbali na mama yake mwenyewe. "Si ndiyo kazi yake?" Ndiyo, ni kazi yake, na ameifanya vizuri, na hilo linatosha kumwambia ahsante. Kwa dada wa kazi, shukrani iende pamoja na mshahara unaolipwa kwa wakati na siku ya kupumzika. Bila hayo, maneno matamu ni dhuluma iliyopakwa rangi.

Hatua ya tano: mwombee mtu kwa jina

Hadithi katika Sahihi Muslim inafundisha kwamba Mwislamu anapomwombea ndugu yake asiyekuwapo, malaika husema naye apate mfano wake. Dua ya namna hii haina wa kukuona wala wa kukusifu, ndiyo maana inausafisha moyo kwa haraka.

Panga watu wanne. Wabudha wana zoezi la kale la kutakia heri, linaloitwa metta, na mpangilio wake unafaa kuigwa na mtu wa dini yoyote: anza na nafsi yako, kisha unayempenda, kisha usiye na habari naye, mwisho anayekusumbua. Kwa kila mmoja omba jambo linalomhusu yeye hasa. Kwa konda: afike salama, apate hesabu ya tajiri na abaki na chake. Kwa jirani anayefungua muziki usiku: apate usingizi, apate kazi, mama yake apone.

Yule wa nne ni mgumu. Usianze na aliyekuumiza vibaya. Anza na anayekuudhi kidogo. Huhitaji kumpenda leo. Omba kitu kimoja chema ambacho ungekitaka wewe ukiwa mahali pake, kisha acha. Kumwombea mtu hakumaanishi kurudi chini ya mkono wake: anayepigwa nyumbani anaruhusiwa kumwombea mpigaji akiwa mbali naye, baada ya kwenda dawati la jinsia polisi.

Hatua ya sita: siku moja ya wema

Lyubomirsky na wenzake waliwataka watu watende wema mara tano kwa juma. Waliokusanya matendo yote matano katika siku moja walipata furaha zaidi kuliko walioyatawanya. Yakitawanywa huchanganyika na mazoea. Ndiyo sababu nimekuambia utenge siku.

Usingoje kuwa na fedha. Elizabeth Dunn na wenzake mjini Vancouver, katika utafiti wa mwaka 2008, waliwapa watu dola 5 au 20 na kuwaagiza wengine wazitumie kwa nafsi zao, wengine kwa ajili ya mtu mwingine. Jioni, waliotumia kwa wengine walikuwa na furaha zaidi, na kiasi cha fedha hakikuleta tofauti. Baadaye Lara Aknin na wenzake walilijaribu jambo hilo Kanada na Uganda, nchi zisizolingana kwa kipato, na kote kule kukumbuka fedha walizotumia kwa wengine kuliwafurahisha watu zaidi. Wazee wetu waliliweka kwa maneno machache: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Mtume Muhammad alimuusia Abu Dharr kwamba anapopika mchuzi azidishe maji yake na awaangalie majirani. Sipati mfano bora wa wema unaowezekana kwa kila mtu. Siku yako ya wema, ongeza maji. Mpelekee bakuli bibi anayeishi peke yake. Msomee barua au ujumbe asiyeona vizuri. Ondoa chupa iliyovunjika njiani. Katika mafundisho ya Mtume hiyo ni sadaka kamili. Kaa na mgonjwa nusu saa ili anayemuuguza akaoge na kulala kidogo. Hili la mwisho hufanywa na wachache, na ni zawadi kubwa kuliko matunda tunayobeba hospitali. Usipige picha. Mtu aliyepigwa picha akipokea unga hupokea na aibu.

Siku ambayo huna la kushukuru

Itakuja. Usilazimishe. Siku hiyo daftari libaki jeupe, au uandike neno moja la malalamiko kwa Mungu. Zaburi zimejaa malalamiko na bado ni sala. Na kamwe usimwambie mfiwa ashukuru. Kwenye msiba wema hauna mahubiri: chota maji, kaa jamvini, osha masufuria, sema pole na unyamaze. Wala usimwambie ashukuru mfanyakazi ambaye hajalipwa miezi mitatu. Msindikize kudai haki yake.

Huzuni ikikaa zaidi ya majuma mawili, usingizi ukapotea, chakula kikawa hakina ladha na yale uliyoyapenda yakakuchosha, au ukawaza kujidhuru, huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona na una tiba. Mwambie mtu unayemwamini na uende hospitali, leo ikiwezekana. Si upungufu wa imani.

Ukiwa na watoto

Usiwakaririshe. Wakati wa chakula cha jioni waulize, "Leo nani amekusaidia?" na uanze kujibu wewe mwenyewe, kwa jina na kwa tukio. Siku za mwanzo watataja pipi. Endelea kuuliza. Baada ya muda, mmoja wao atataja mwenzake aliyemwazima kifutio, na kesho yake mwulize kama amemwambia.